Toleo la Mwisho la Taa ya Chini

Vyumba vya Wachimbaji
Tarehe 3 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kabla hujauliza: ndiyo, nimekuja huku migodini. Ndiyo, bila kukuaga. Ningekuaga ungenizuia, na mimi nikishazuiwa na wewe sina ubavu wa kubisha, hata kwa umri huu nilio nao.

Fundi wa mawe alinifuata tena kazini kuuliza maneno ya kaburi la Bibi. Jiwe ameshalikata na kulisugua, limekaa karakanani kwake linakula vumbi. Mimi nataka iandikwe "mke wa", kisha jina la Babu. Wewe umesema ukiwa hai jina hilo halitakaa karibu na la mama yako. Marehemu Baba angekuwepo angetuamua, lakini kaka yako naye aliingia kaburini bila kujua kama baba yake alikuwa muungwana au fedhuli. Basi nimekuja kumtafuta mwenyewe. Nikikuta kweli aliwatoroka, fundi ataandika jina la Bibi peke yake na sitafungua mdomo tena. Nikikuta vingine, utanisikiliza. Haya ndiyo mapatano yetu, ingawa nimeyafanya peke yangu.

Nilitarajia mji wa dhahabu ung'ae walau kidogo. Wapi! Kuna mlima wa kifusi, barabara moja, maduka yaliyofungwa kwa mabati na mashimo yaliyozungushiwa seng'enge. Jengo ambamo Babu alikuwa anachapa gazeti lake sasa ni ghala la saruji. Niliingia, nikapiga chafya, nikatoka. Hakuna mashine, hakuna hata herufi moja ya risasi ya kuchapia. Ofisi ya mgodi wanasema hawajawahi kusikia gazeti linaloitwa Taa ya Chini, na kijana wa mapokezi aliniuliza kama nauza taa.

Nimepanga chumba kwa mama mmoja wanayemwita Bibi Redio, kwa sababu akishawashwa hazimwi. Barua hii anakuletea dereva wa basi. Simu najua hutaki.

Mwanao mkaidi


Nyumbani
Tarehe 9 Juni

Mkaidi,

Marahaba. Dereva wako amefika, amekaa, amemaliza chai yote ya birika akisubiri jibu. Siku nyingine mtume mwenye tumbo dogo. Na simu siitaki kwa sababu ukinipigia unapayuka kama niko ng'ambo ya mto, halafu unalalamika kwamba sisikii.

Ulitaka kujua Babu yako alikuwa nani, ungeniuliza mimi. Mimi nilikuwepo. Baba yako alikuwa bado tumboni, mimi nilikuwa nimeanza kung'oka meno ya utoto. Babu yako alipakia mashine yake ya kuchapa kwenye lori akasema wachimbaji wana masikio lakini hawana mdomo, yeye anakwenda kuwa mdomo wao. Akipata chumba cha kutufaa, atatuita.

Barua zilikuja, na kila mwezi gazeti lilikuja kwa posta, limeviringishwa na kufungwa kwa uzi. Mimi nikatangaza shule nzima: sisi tutaitwa. Mwalimu akiuliza kwa nini sijashona sare mpya, nasema tutaitwa. Kisha barua zikakoma. Wenzangu wakanibandika jina, wakaniita Tutaitwa. Nimeitwa hivyo mpaka naolewa. Siku ya harusi yangu mpumbavu mmoja alisimama akasema, haya, Tutaitwa leo kaitwa. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ungefanyaje?

Lakini sikiliza kilichonikata maini. Barua zilipokoma, gazeti lilikuja mara moja zaidi. Halikuja na neno lolote kwetu. Umeelewa? Mikono ilikuwa mizima ya kupanga herufi gazeti zima, ikashindwa kutuandikia mstari mmoja. Na pale chini ya jina la gazeti, mahali ambapo siku zote palikuwa na jina lake, mhariri na mpiga chapa, safari hiyo jina halikuwepo. Alijitoa mwenyewe ili asitafutwe. Mama aliandika, akaandika tena, hakujibiwa. Babu yako aliingia mitini, mwanangu, na hadithi imeishia hapo.

Rudi nyumbani. Fundi aandike jina la mama yangu, lilijitosheleza miaka yote hiyo.

Shangazi yako


Vyumba vya Wachimbaji
Tarehe 14 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Umenifukuza kwa ukurasa mzima, lakini subiri kwanza. Nimelipata gazeti!

Vyumba vya huku ni safu ndefu za mbao na mabati, na upepo unapenya kila ufa. Wachimbaji wa zamani walikuwa wakibandika magazeti ukutani kwa uji wa unga ili kuziba nyufa, tabaka juu ya tabaka. Waliokuja baadaye wakapaka rangi juu yake. Juzi Bibi Redio alikuwa anakwangua rangi iliyobanduka nyuma ya kabati lake, huku akinisimulia ugomvi wake na kila jirani tangu azaliwe, mimi nimeshika ndoo. Kipande kikubwa kikaanguka, na chini yake nikaona herufi nene: TAA YA CHINI. Nilipiga ukelele mpaka akadhani nimeumwa na nge.

Tangu hapo nazunguka chumba kwa chumba na kitambaa chenye maji. Wapangaji wengi wameshahama, maana kampuni mpya imenunua eneo lote na tingatinga litaingia mwezi ujao. Wananiachia niingie, wananiona nimerukwa na akili lakini sina madhara.

Shangazi, alikuwa anachekesha! Mbona hukuniambia? Sikia hii: "Ofisi inatangaza kwamba supu ya jikoni la mgodi sasa ina nyama. Mwenye kuiona atoe taarifa." Na mara anabadilika, anaeleza namna ya kufunga kitambaa puani ili vumbi lisiingie kifuani, kwa upole, kama anamfundisha mtoto. Nilisimama mbele ya ule ukuta nikajikuta natabasamu peke yangu.

Ila kazi yake ina dosari, na mimi dosari haziniponyoki, ndizo zinazonipa mkate kule kiwandani kwetu cha uchapaji. Kwenye ukurasa wa kwanza wa baadhi ya matoleo kuna kisanduku kimepigwa mistari pande zote nne, na ndani hakuna kitu. Toleo moja lina kimoja, jingine lina vitatu, jingine halina. Nadhani matangazo yalichelewa, akaacha nafasi wazi. Mimi nikipeleka ukurasa wa hivyo mashineni, bosi atanila nyama. Na watoto nao hawakukawia, wamechorachora humo ndani kwa penseli. Imefifia, lakini mkono ni wa mtu anayejifunza kuandika.

Mwanao mkaidi


Nyumbani
Tarehe 19 Juni

Mkaidi,

Kwa hiyo hata kujaza karatasi kulimshinda. Sishangai. Mwanamume aliyeacha nafasi tupu nyumbani kwake atashindwaje kuacha nafasi tupu gazetini?

Unasema alikuwa anachekesha. Najua. Nilikuwa nacheka mpaka nashikwa na kwikwi, naye ananigonga mgongoni huku anazidisha. Ulitaka nikusimulie hayo ili iweje? Mtu mbaya moja kwa moja ni rahisi, unamfuta. Huyu alinibeba mabegani.

Goti langu linanisumbua na fundi wa mawe amepita tena. Nimemwambia nakupa mpaka basi la Jumamosi.

Shangazi yako


Vyumba vya Wachimbaji
Tarehe 24 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole na goti. Lifunge kitambaa cha joto na usiiname kufagia, nakujua.

Nitapanda basi la Jumamosi. Nimekubali. Nimesoma kuta nyingi hadi macho yanawasha, na hakuna mahali palipoandikwa alikwenda wapi. Toleo la mwisho sijaliona ukutani kwa mtu yeyote. Wanasema ofisi ilituma watu wakakwangua nakala zake zote. Babu kachapa, kachekesha, katoweka. Umeshinda, Shangazi. Nitamwambia fundi mwenyewe.

Nikuchekeshe kidogo kabla sijafunga mizigo. Jana Bibi Redio alinifungulia chumba cha mwisho kwenye safu. Tangu utoto wake kinaitwa chumba cha wageni wasiofika. Anasema kulikuwa na mtu aliyekilipia, akakipaka chokaa, akakibandika magazeti kwa mkono wake vizuri kabisa, kingo zimelingana, na familia yake haikuja kamwe. Baadaye kikawa stoo. Sasa, huyo mtu alikuwa na kichaa cha baiskeli! Kwenye kona, chini kabisa, karibu na sakafu, amebandika tangazo la baiskeli, lilelile, la mwanamke mwenye kofia. Amelikata kwenye kila toleo, akayapanga mstari mmoja, baiskeli nyuma ya baiskeli. Mtu mzima angelazimika kulala chini ndipo azione. Moja aliikata vibaya, gurudumu la mbele halipo, lakini aliibandika vivyo hivyo.

Nitakuona Jumapili. Nakuletea dawa ya kuchua.

Mwanao aliyeshindwa


Nyumbani
Tarehe 26 Juni

Usipande basi.

Niambie hizo baiskeli ziko umbali gani kutoka sakafuni. Pima kwa mkono. Niambie zimeelekea dirishani au mlangoni. Huyo Bibi Redio muulize mwenye chumba alikuwa nani, na safari hii mwache aseme mpaka achoke.

Dereva nimemwamsha alfajiri, kanuna, na anune. Usimwache mtu aguse ukuta ule.

Shangazi yako


Vyumba vya Wachimbaji
Tarehe 1 Julai

Shangazi yangu,

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi. Shikamoo.

Baiskeli zinaanzia sakafuni kwa urefu wa mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Mtoto akilala kwenye kitanda kifupi, zinakuwa usawa wa macho yake. Zote zimeelekea dirishani. Sijui kwa nini unauliza, lakini nimepima mara mbili, na ninavyokujua huulizi kitu cha bure.

Nilimkalisha Bibi Redio nikamuuliza mwenye chumba alikuwa nani. Akasema, "Si Mzee Taa, huyo wa gazeti." Hivyo tu, kama mtu anayekutajia bei ya chumvi. Nikamwambia, kwa mara ya kwanza, kwamba huyo ni babu yangu. Akanitazama. Kisha akaniuliza, "Sasa mbona hamkuja kulia?"

Nikamuuliza kulia nini. Shangazi, redio ilizimika. Akanishika mkono akanipeleka chumbani kwake, kwenye lile gazeti la nyuma ya kabati, akaweka kidole ndani ya kile kisanduku nilichokicheka. "Huyu ni mjomba wangu," akasema.

Watu walipofukiwa shimoni, ofisi ilikataza majina yao yachapwe. Kwa ofisi hakuna aliyekufa, kuna waliotoroka kazi. Kila ukurasa ulikaguliwa kabla ya kuingia mashineni, na kila barua iliyotoka hapa ilifunguliwa. Babu akachapa visanduku vitupu. Mkaguzi alipouliza, aliambiwa ni tangazo lililochelewa. Naye akaamini, Shangazi, kama nilivyoamini mimi na ufundi wangu wote. Gazeti likifika mikononi mwa watu, mke au mama wa aliyekufa anachukua penseli anaandika jina mwenyewe. Wengi walijifunza kuandika kwa ajili ya jina hilo moja. Ule ndio mkono niliodhani ni wa watoto. Ndugu waliokuwa mbali walitumiwa gazeti kwa posta, ofisi ikaliacha lipite kwa sababu lilikuwa limeshakaguliwa. Huku migodini kila mtu alijua kulisoma. Kisanduku kikifika, matanga yanaanza.

Mwezi ule shimo la mashariki lilipoanguka, ofisi ilisema hakuna mtu chini. Babu aliteremka na taa na daftari ili ahesabu mwenyewe na kuita majina. Udongo ukaanguka mara ya pili. Ofisi ikaliziba shimo kwa kifusi. Toleo lililofuata lilichapwa na mshika mashine wake, mtu ambaye hakuwahi kupanga herufi, mistari ikaenda upogo. Akalituma kwa kila aliyekuwa akitumiwa siku zote. Baada ya hapo ofisi ikaifunga mashine, naye akafukuzwa.

Shangazi, nakuuliza, na nisamehe kwa kukuuliza. Uliniandikia kwamba kwenye gazeti lililokuja mwisho jina lake halikuwepo. Pale lilipokuwa likikaa, chini ya jina la gazeti, kulibaki nini?

Mwanao


Nyumbani
Tarehe 6 Julai

Mwanangu,

Marahaba, mama.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaenda kwenye sanduku la Mama. Unalijua, lile la bati nilimoweka vitenge vyake. Nilitoa kitenge kimoja kimoja. Chini kabisa alitandika gazeti, miaka yote hiyo, na mimi nilidhani ni la kuzuia kutu. Nililitoa nikalipeleka dirishani. Mistari imekwenda upogo kweli. Nilipokuwa mtoto niliona upogo ule nikasema, hata kazi yake haipendi tena, ana haraka ya kuondoka.

Pale chini ya jina la gazeti kuna kisanduku. Mistari minne, na ndani hakuna kitu.

Tulitumiwa msiba, tukaupokea kama habari kwamba yu mzima. Nimejaribu kulikalia hilo, halikaliki. Mama alilishika gazeti lile akafurahi, mwanangu! Namkumbuka. Alisema, afadhali, ni mzima, anachapa. Kisha ndipo ikaanza ile hasira, na hasira ile tuliila asubuhi na jioni. Mtu alikuwa chini ya mawe na sisi tunamlaani. Nimelia mpaka jirani akaja kugonga, nikamwambia baba yangu amefariki. Akasema, "Maskini, lini?" Nikakosa la kumjibu.

Sasa nikuambie habari ya baiskeli, sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Usiku kabla hajaondoka nilikataa kulala. Nilisema huko tutakakoitwa mimi naogopa kulala karibu na ukuta nisioujua. Akaniuliza nataka ukuta wangu uwe na nini. Nikamwonyesha tangazo la baiskeli kwenye gazeti lililokuwa mezani. Akasema, basi, utalala na baiskeli, kila mwezi nitakuongezea moja. Nikamwambia zielekee dirishani, zipate pa kutokea. Kwa hiyo uliponiandikia habari ya mwendawazimu mwenye baiskeli, sikungoja hata kuandika salamu. Nilidhani ukuta ule aliuahidi ili anyamazishe mtoto. Kumbe aliubandika. Hata ile aliyoharibu gurudumu hakuitupa, alijua nitaihesabu.

Penseli nimeazima kwa mtoto wa jirani, nikaichonga kwa kisu. Mkono wangu siku hizi hautulii, herufi zimetoka kama za anayejifunza, lakini jina la baba yangu limeingia lote, na halikugusa mistari. Nililiandika kwa niaba ya Mama, kisha kwa niaba ya kaka yangu, baba yako, ambaye hakuwahi kumwona.

Fundi wa mawe alikuja mchana. Nimempa maneno. Iandikwe "mke wa", kama ulivyotaka, na chini yake achonge kisanduku, na jina aliandike humo ndani. Aliniuliza kisanduku ni cha nini, ni urembo? Nikamwambia achonge tu, watakaolijua watalijua, na wasiojua waniulize, sasa nina la kujibu.

Tingatinga haliwezi kusubiri, najua. Usihangaike na ukuta mzima, magazeti waachie Bibi Redio na wenzake wachukue watu wao. Wewe lowesha taratibu uje na baiskeli moja. Usiniletee nzuri. Nataka ile isiyo na gurudumu. Nimeshasogeza kitanda changu ukutani, na ukuta hauna kitu.

Kaburi la shimo la mashariki utakwenda kulisalimia kabla hujapanda basi. Mwambie chumba tumekiona. Mwambie wageni wamefika.

Mimi binti yake,
Tutaitwa